Yehova Yire ni nini? Maswali ninayoulizwa kwa sababu ya maandishi ya tuktuk yangu

Naendesha tuktuk hapa Malindi, stendi yetu iko upande wa sokoni, na kwa nyuma nimeandikisha YEHOVA YIRE kwa rangi ya njano, herufi kubwa za kuonekana mbali. Tangu siku hiyo naulizwa. Abiria wanauliza, wenzangu wa stendi wanauliza, kuna siku trafiki alinisimamisha nikajua leo nimekwisha, kumbe alitaka tu kujua hiyo "Yire" ni kitu gani. Mimi si mchungaji, ni dereva niliyesoma kozi ya Biblia ya jioni miaka miwili na Jumatano huwa naongoza kikundi chetu kidogo cha kusoma Biblia kule Barani, basi. Shida ni kwamba kutoka mjini mpaka Muyeye ni dakika chache, mtu anauliza swali la maana alafu anashuka nikiwa bado niko kwa Ibrahimu hajafika mlimani. Ndo nimeamua kuyaandika yote hapa, mtu akiuliza namtumia linki.

Kwani Yehova Yire maana yake nini?

"Bwana ataona." Ndo hivo.

Watu wakisikia hivo wananiangalia kama nimewapunja, manake walitarajia niseme mpaji, mtoaji, wa kufungua milango. Tutafika huko. Lakini neno lenyewe la Kiebrania ni yir'eh, na limetoka kwa kitenzi ra'ah, ambacho ni kuona tu, kuona kwa kawaida, vile wewe unaona hii simu.

Sasa mbona kila mtu anasema ni "Bwana atatoa"?

Hawajakosea, na kwa Kiswahili chetu wala haihitaji mwalimu. Abiria anashuka Ngala hana pesa ndogo, anakwambia "kaka ntakuona jioni". Hakuna dereva atakayedhani huyu mtu anapanga kuja jioni kunikodolea macho, sote tunajua inazungumziwa ile hamsini yangu. Kijana amekubebea mzigo mpaka mlangoni alafu hasogei, anasema "si uniangalie basi mkubwa", hapo hatafuti kuangaliwa. Au umepeleka makaratasi mahali (sitaji wapi) jamaa anazungusha kalamu anauliza "sasa utatuonaje?", nawe unajua kabisa swali si la macho. Kiswahili kiliweka kuona na kutoa nyumba moja zamani, na Kiebrania cha Mwanzo 22 kimefanya vivyo hivyo. Mungu akiona, yaani akiona kweli kwamba hapa kuna kitu kinakosekana, basi lishashughulikiwa.

Kuna mzee mmoja Mtaliano, hawa waliokaa Malindi mpaka wanabishana bei ya samaki kuliko sisi, nilimbeba akasoma nyuma akaniuliza, nikamweleza hili la kuona. Akacheka, akasema kwao kumtimizia mtu haja yake ni provvedere, na ndani yake mna vedere, kuona, na asili yake ni Kilatini, providere, kuona mbele. Vedere nalijua miaka yote, dereva gani wa Malindi hajui ci vediamo, lakini sikuwahi kufikiria limejificha ndani ya neno la kutoa.

Hadithi yenyewe iko wapi?

Mwanzo 22, mistari 14 ya kwanza, isome leo kabla hujalala. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, alipofika Mombasa 1844, mwaka huohuo alianza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, kwa hiyo hiki ni kitabu tumekaa nacho pwani muda mrefu, sio kitu cha kuletwa juzi na spika.

Ibrahimu yuko upande wa Beer-sheba. Anaambiwa amchukue Isaka, mwanawe anayempenda, aende nchi ya Moria akamtoe sadaka. Anaamka asubuhi mapema, anatandika punda, anapasua kuni, anachukua vijana wawili na mtoto. Safari siku tatu. Hapo ndo huwa nasimama nikifundisha, siku tatu! Ukitoka Malindi asubuhi na basi la Lamu mchana huo ushafika, na hata hapo ukiwa na wasiwasi moyoni unaona njia haiishi, sasa huyu mzee anatembea siku tatu na jambo ambalo hawezi kumwambia aliye pembeni yake. Siku ya tatu akainua macho akapaona mahali pale kwa mbali. Shika hilo neno, akapaona, ni ra'ah ya kwanza.

Vijana wanabaki na punda. Isaka anabeba kuni, baba anabeba moto na kisu, na mtoto anauliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: moto upo, kuni zipo, mwana-kondoo yuko wapi? Baba anamjibu Mungu atajipatia mwana-kondoo. Hivo ndo iko kwa Biblia yetu, lakini Kiebrania neno kwa neno ni "Mungu atajionea mwana-kondoo". Ya pili hiyo. Kisu kishainuliwa, sauti inamzuia, anainua macho, anaona kondoo dume pembe zake zimenaswa kichakani, ya tatu. Anapaita mahali hapo Yehova-yire, ya nne. Alafu mwandishi anaongeza kwamba watu husema mpaka leo, katika mlima wa BWANA itapatikana, na hilo "itapatikana" kwa Kiebrania ni yera'eh, kitenzi kilekile ila sasa ni kuonekana. Ya tano.

Ona, onekana. Kiswahili kingebeba yote bila jasho. Waliotafsiri Union Version ya 1952, ndo hiyo Biblia yetu ya Kiswahili, walichagua "atajipatia" na "itapatikana", na maana haijapotea, sina ugomvi nao, ila ukisoma Kiswahili peke yake huoni ile kamba moja iliyoifunga hadithi kuanzia siku ya tatu mpaka mwisho.

Kwa hivyo ni moja ya majina ya Mungu?

Hapa ndo huwa napoteza marafiki. Soma mstari wa 14 polepole: Ibrahimu AKAPAITA. Ni pa, sio m. Lile jina lilipewa mahali, halikupewa Mungu. Yale majina tunayoyapanga kwenye nyimbo na mabango moja baada ya lingine, mengi ukiyafuata yako hivo. Yehova-nisi, Bwana ni bendera yangu, ni madhabahu aliyojenga Musa baada ya vita na Amaleki, Kutoka 17:15. Yehova-shalomu ni madhabahu ya Gideoni, Waamuzi 6:24. Yehova-shama ni mji, ndo mstari wa mwisho kabisa wa Ezekieli, kwamba mji utaitwa BWANA yupo hapa. Yehova-rafa iko tofauti kidogo, pale ni Mungu mwenyewe anasema mimi ndimi BWANA nikuponyaye, Kutoka 15:26, na hata hapo watu walikuwa wametoka kushindwa kunywa maji machungu ya Mara mpaka yakageuzwa matamu.

Je, ni dhambi kumwita Mungu Yehova Yire kwa maombi? Aah, hapana, mimi mwenyewe naomba hivo, na kwa karne nyingi Wakristo wameyachukua kama maelezo ya vile Mungu alivyo, jambo ambalo ni kweli. Ila kuna tofauti ambayo kwangu ni kubwa. Jina la mtu unaliita ili aitike. Jina la mahali ni ushuhuda, unasimulia: hapa palitokea kitu, hapa nilionwa. Ibrahimu hakupanda mlima akiita "Yehova Yire, Yehova Yire". Alipanda kimya. Jina lilikuja akishuka, au tuseme akiwa bado ana majivu mikononi.

Ni Yire au Jire? Nimeona matatu zimeandika Jireh

Fundi aliyeniandikia alikuwa ashachora J kwa chaki. Nikamwambia ifute hiyo. Akashuka kwa kile kistuli chake akaniangalia, "boss, gari zote za Mombasa zina J". Nikamwambia gari zote za Mombasa zimefuata Waingereza. Akafuta lakini hakufurahi, mpaka leo ukiangalia vizuri chini ya Y kuna kivuli cha J.

Kiebrania hakina sauti ya j kama ya jembe. Herufi ya kwanza ni yod, inasomwa y. Wajerumani wanaandika J lakini wanasoma y, Waingereza wakaandika hiyohiyo J wakaisoma kama jembe, na sisi tukanunua stika za Waingereza. Lakini Biblia yetu ya Kiswahili iko na Y, Yehova, Yerusalemu, Yesu, kwa hiyo Mswahili wa Kakuyuni asiyejua hata neno moja la Kiebrania anakaribia zaidi kuliko yule anayeigiza mhubiri wa kwenye tivii. Katikati kuna kikwazo kidogo cha koo, yir-e, usiteleze.

Na hilo "Yehova", si wasomi wanasema ni Yahwe? Na mbona Biblia yangu imeandika BWANA?

Jina lenyewe ni herufi nne, yod he vav he, konsonanti tupu, na limeandikwa zaidi ya mara 6,800 kwenye Agano la Kale la Kiebrania. Linahusiana na kitenzi cha kuwa, ndo ile Musa anaambiwa kwenye kichaka, MIMI NIKO AMBAYE NIKO, Kutoka 3:14. Wayahudi kwa heshima waliacha kulitamka, wakifika hapo wanasoma Adonai, yaani Bwana. Baadaye sana, wale walioweka alama za vokali kwenye maandiko walipofika kwa jina hili wakaweka alama za kumkumbusha msomaji aseme Adonai. Wakristo wa Ulaya wakaja wakasoma konsonanti za neno moja na vokali za neno lingine kwa pamoja, likatoka Yehova. Wasomi wengi leo wanaona matamshi ya zamani yalikuwa karibu na Yahwe.

Union Version ikafuata desturi ya Wayahudi, ikaandika BWANA kwa herufi kubwa, ikaliacha YEHOVA sehemu chache kama Kutoka 6:3 na Zaburi 83:18. Biblia ya Habari Njema inaandika Mwenyezi-Mungu. Wakatoliki, Vatikani iliwaambia 2008 wasitumie Yahwe kwenye ibada. Kila mtu ana njia yake ya kulikwepa.

Na kuna kitu cha kuchekesha, hata wanaolikwepa wanalitamka kila Jumapili bila kujua. Haleluya mwisho wake ni Yah, kifupi cha jina hilohilo, msifuni Yah. Eliya, Isaya, Yeremia, wote wamelibeba. Zakaria ni "Yah amekumbuka", na mimi nina jirani Mwislamu anaitwa Zakaria, nilipomwambia alikaa kimya alafu akasema basi nisimdai tena, mtu mwenye jina zuri kama hilo.

Nikikosea kulitamka maombi hayafiki?

Mtoto wako akikuita "bamba" badala ya "baba" huitiki?

Wewe ni Shahidi wa Yehova?

Hapana. Hao ni kundi lenye jina hilo tangu 1931 na wana Biblia yao inayotumia Yehova kila mahali, mpaka Agano Jipya. Mimi nafuata imani ya Utatu, tunatofautiana kwa mambo makubwa, lakini nikiwakuta barabarani jua kali na vijitabu vyao huwa nawabeba.

Wayahudi hawathubutu kulitaja, wewe umelibandika nyuma ya tuktuk lirukiwe na matope. Hiyo ni heshima?

Swali hili lilinichoma, na aliyeuliza ni mtoto wa sekondari. Kwao kitabu kikichakaa kikiwa na hilo jina hakitupwi, kinahifadhiwa mahali maalum. Alafu mimi mvua za masika naendesha kwenye mashimo ya Maweni jina limejaa udongo mwekundu.

Nilimjibu kwamba Mungu aliyekubali kuitwa jina kwenye vichaka na kondoo aliyenaswa pembe, sidhani anaogopa matope. Lakini amri ya tatu, usilitaje bure jina la BWANA, Kutoka 20:7, sio ya matope. Wiki chache baada ya kuandikisha, bodaboda alinikata mbele ya roundabauti nikamtukana tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, yeye akapunguza mwendo, akaniacha nipite, akasoma nyuma kwa sauti, "Yehova... Yire... haya mchungaji". Watu wakacheka mpaka kwenye viazi karai. Hiyo ndo kulitaja bure. Nilitaka kufuta maandishi siku hiyo. Mke wangu akasema afadhali nifute mdomo.

Lakini si mtoto alikuwa Ismaili?

Malindi utaulizwa tu hili, na aliyeniuliza vizuri kuliko wote ni bi mkubwa mmoja ninayembeba kutoka Shella kwenda sokoni. Alipanda na kikapu chake, nikamwamkia shikamoo bi mkubwa, marahaba mwanangu, akatulia, tulipofika nusu njia akasema, "Hayo uloandika huko nyuma, si ndiyo ya Nabii Ibrahimu na mwanawe?" Nikasema ndiyo. "Basi huyo ni Ismaili." Nikamwambia bi mkubwa, kwetu imeandikwa Isaka. Akasema, "Kwenu." Tukaendelea na safari.

Ukweli uko hivi. Biblia inamtaja Isaka kwa jina. Kurani, sura ya 37, inasimulia kisa bila kumtaja mtoto jina, na Waislamu walio wengi wanashika kuwa ni Ismaili. Sitabishana kwenye tuktuk, tena na mtu mzima. Lakini kuna kitu nilimwambia siku iliyofuata, manake nilikaa usiku nasoma. Mwanzo 16, Hajiri, mama yake Ismaili, mjakazi wa Kimisri, ana mimba, amekimbia mateso ya Sara, yuko kwenye chemchemi jangwani peke yake. Malaika anamkuta pale, anamsemesha. Na yeye anampa Mungu jina, Mungu anionaye. El Roi. Ni ra'ah ileile! Na huku ni jina la Mungu kweli, sio la mahali, na aliyelitoa si Ibrahimu, ni mwanamke mtumwa, miaka mingi kabla ya ule mlima. Alafu sura ya 21, maji yameisha, kijana anakufa na kiu, Mungu akamfumbua macho Hajiri akaona kisima. Akaona. Sura inayofuata ndo Moria. Watoto wawili wa baba mmoja, mmoja aliokolewa na kisima mwingine na kondoo, na wote wawili kuna mtu alifumbuliwa macho akaona.

Bi mkubwa alisikiliza yote, tukafika sokoni, hakushuka. Akasema, "Hiyo ya kisima kwetu ni Zamzam. Mama wa watu alikimbia mara saba." Akatoa pesa akanipa na zaidi. Idd ya kuchinja ilipofika akamtuma mjukuu na sahani ya pilau na nyama, imefunikwa kwa kawa, na maagizo kwamba kawa irudi.

Ni Mungu gani anamwambia mtu achinje mtoto wake?

Zamani nilikuwa na jibu la haraka. Baada ya Shakahola sina haraka tena. Hapo si mbali na sisi, 2023 tuliona magari yakileta miili mjini siku baada ya siku, zaidi ya 400 ilifukuliwa kwenye ule msitu, na wengi walikuwa watoto, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ndo wamwone Mungu. Nilibeba abiria waliokuja kutoka bara kutafuta ndugu. Nilibeba mama mmoja kutoka hospitali mpaka stendi ya mabasi, nyuma yake ameegemea maandishi yangu, hakusema neno na mimi sikusema.

Kwa hiyo mtu akiuliza hivi naenda polepole. Msomaji anaambiwa tangu mstari wa kwanza kuwa ni jaribu, Ibrahimu hajui lakini wewe unajua. Na Biblia hiyohiyo inakataza kabisa kumtoa mtoto sadaka, Kumbukumbu la Torati 18:10, na kwa Yeremia 7:31 Mungu anasema jambo hilo sikuliamuru wala halikuingia moyoni mwangu. Majirani wa Ibrahimu nchi ile walijua miungu inayodai watoto. Huyu wa Moria anajulikana kwa neno la mwisho, usinyoshe mkono wako juu ya kijana. Mhubiri yeyote anayeitumia hadithi hii kukuambia umalize kitu ambacho sauti ilikataza kimalizwe, ameusoma mlima akaacha kilele. Mtoe nyumbani kwako. Ripoti.

Kama hilo halijakutosha, halijanitosha hata mimi siku zote, ila ndo ninachoshika.

Yesu anaingia wapi hapo?

Kwa Mkristo ndo moyo wa jambo. Angalia, Isaka aliuliza mwana-kondoo, kilichopatikana ni kondoo dume, mkubwa, wa pembe. Kwa hiyo Wakristo tangu zamani wakawa wanasema lile swali la mtoto lilibaki wazi, mwana-kondoo yuko wapi, mpaka Yohana pale mtoni akanyosha kidole, tazama, Mwana-kondoo wa Mungu, Yohana 1:29. "Tazama" tena! Isaka alibeba kuni za kuchomewa mgongoni mwake, Yesu akabeba msalaba. Na 2 Mambo ya Nyakati 3:1 inasema hekalu la Sulemani lilijengwa mlima Moria, Yerusalemu, mji uleule ambao nje yake Yesu alisulubiwa. Paulo kwa Warumi 8:32 anaposema Mungu hakumwachilia Mwana wake mwenyewe, anaazima maneno ya Mwanzo 22 karibu kama yalivyo. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna sauti iliyozuia.

Nikiita Yehova Yire ntapata pesa?

Kaa vizuri, hii nina nayo.

Miaka hiyo nilikuwa bado naendesha ya tajiri, kila jioni napeleka hesabu. Likaja hema, mhubiri kutoka mbali, spika zinasikika mpaka baharini, wiki nzima mada ni Yehova Yire. Usiku wa mwisho akasema kuna watu 12 hapa Mungu amewaonyesha kwangu, watapanda mbegu ya kuuma kabla hatujatoka, na ndani ya siku 30 watapata gari lao. Namba ya simu ikasomwa. Mimi nilikuwa na 4,500 ya kodi kwenye simu. Nikatuma. Nakumbuka kidole gumba kilivyokuwa na jasho simu ikakataa kusoma, nikapangusa kwa suruali nikatuma tena, ningejua hiyo ndo ilikuwa sauti ya kuzuia kisu!

Siku 30 zikapita, gari halikuja, kilichokuja ni kufuli. Mke wangu na mtoto wakaenda kulala kwa dada yake, mimi nikalala ndani ya tuktuk ya tajiri, miguu nje, mbu wa Malindi unawajua. Namba ya mhubiri haipatikani.

Usiku ule sikumlaani Mungu, nilikuwa na hasira ya kusoma. Nikafungua Mwanzo 22 kwa tochi ya simu na nikaona kitu. Ibrahimu hakupanda mlima ili apate. Alishuka na mtoto yuleyule aliyepanda naye, hakuongezewa hata punda. Baraka aliyoahidiwa pale ni ya uzao na ya mataifa, na yeye mwenyewe hakukaa kuiona yote. Fungua sura inayofuata tu, Sara amekufa, na yule mtu wa Yehova Yire hana hata kipande cha ardhi cha kumzika mkewe, anasimama mbele ya wenyeji anapimiwa fedha, shekeli 400, bei kamili, ndo apate shamba lenye pango la Makpela. Mungu aliona mlimani, lakini kaburi lililipiwa.

Wafilipi 4:19, Mungu wangu atawajazeni kila mnachokihitaji, hiyo nayo wanaipenda sana. Paulo aliiandika akiwa kifungoni, akishukuru kwa msaada waliomtumia. Kidogo juu yake ameandika anajua kupungukiwa na anajua kuwa na vingi. Mimi aliyenitoa kwenye tuktuk ni mwenzangu wa stendi, hata hatukuwa tunaelewana, aliniona asubuhi natoka nimekunjamana akauliza wewe umelala wapi. Jioni chama cha stendi wakachanga. Nikisoma Yehova Yire nafikiria ule uso wake akiinama kuchungulia ndani.

Sasa mbona bado una mkopo wa tuktuk?

Naye Ibrahimu alinunua kaburi, nimesema hapo juu, soma.

Kwa Kigiriama mnasemaje?

Mungu ni Mulungu, hata kanisani. Nyanya yangu hakuwahi kutamka Yehova maisha yake yote na alikuwa anaomba kuliko mimi.

Nani alikuandikia, na alichukua ngapi?

Ni kijana wa jua kali, yuko upande wa nyuma ya gereji, alinichaji 800 rangi ikiwa yake. Mkono wake ni mzuri ila hakupiga vanishi ya kutosha, na chumvi ya hapa haina urafiki na rangi, kwa hiyo E ya mwisho imebabuka yote. Sasa hivi inasomeka YEHOVA YIR na nimeanza kuulizwa maswali mapya. Juzi nilimpelekea aipake upya, akapaka vizuri, akasafisha brashi, akasimama pale akinisubiri. Nikamwambia ntakuona Jumamosi.